Sare Ikatwe Vipande Viwili: Mavazi ya Jioni kwa Mwanamke wa Shinyanga, Kahama na Geita

Kadi ya sherehe katika ukanda huu haiji peke yake. Inakuja na ujumbe wa kamati: mchango kiasi fulani, sare kiasi fulani, mwisho wa kulipia tarehe fulani. Mvua zikikatika, pamba na mpunga vikaanza kuingiza fedha, mwanamke mwenye ndugu, majirani, wafanyakazi wenzake na kikoba kimoja anaweza kupokea kadi tatu ndani ya mwezi: kicheni pati Kahama, sendofu Shinyanga mjini, harusi Geita. Kila moja ina rangi yake. Akizitii zote kama zilivyo, Desemba inamkuta na kabati lililojaa magauni ya usiku mmoja mmoja, na siku ofisi inapoandaa chakula cha kufunga mwaka anasimama mbele ya kabati hilo hilo akisema hana nguo.

Sitakuambia ukatae sare. Sare ina kazi yake: inamwonyesha mgeni akina mama wadogo ni wepi, mashangazi ni wepi, marafiki wa bibi harusi ni wepi, na anayekuja bila sare huulizwa maswali ambayo hayahusu nguo. Ninachosema ni kwamba kitambaa kile ni mali yako tangu ulipokilipia. Kamati imechagua rangi, na mara nyingi inakuachia mshono. Mshono ukipangwa kwa akili, kitambaa hicho kitakutoa kwenye sherehe nne au tano nyingine bila wifi yako kunong'ona kwamba gauni lile tulishaliona kwa mama Neema.

Maneno ya kumwambia fundi

Mshono wa kwanza fundi atakaokuonyesha kwenye simu yake ni gauni refu la kipande kimoja, linalobana mpaka magotini kisha linafunguka kama mkia wa samaki. Ni zuri pichani. Tatizo ni kwamba likishaonekana limeonekana. Huwezi kulivaa nusu. Omba juu na chini. Mwambie hivi: "Fundi, nataka blauzi na sketi ndefu, kiuno kikutane, na mkanda mpana wa kitambaa hicho hicho." Ukishafunga mkanda, pale ukumbini hakuna atakayetambua kama ni gauni au ni vipande viwili. Wiki ijayo blauzi inavaliwa na sketi nyeusi, mwezi ujao sketi inavaliwa na blauzi ya rangi moja, na mkanda wenyewe unafungwa juu ya gauni jingine.

Fundi anaweza kukuambia vipande viwili vinakula kitambaa zaidi. Kwa kiasi fulani ni kweli, kwa sababu blauzi inahitaji kuteremka chini ya kiuno. Usikubali akuibie hapo: blauzi ishuke inchi nne hivi chini ya kiuno, la sivyo ukiinua mikono tumbo litaonekana na usiku wako wote utaisha ukivuta nguo chini. Kama kitambaa ni kitenge cha yadi sita, kwa mwili wa kawaida kinatosha sketi ndefu, blauzi na kilemba. Kama ni lesi, pima kwanza na fundi kabla hujalipia, maana maua ya pembeni hayakatwi ovyo, na anayekata bila kuyapanga atakuletea sketi yenye ua zima mbele na nusu ua nyuma.

Sasa bitana. Hapa ndipo penye faida kubwa kuliko sehemu nyingine yoyote ya mshono, na karibu kila mtu anapita bila kuigusa. Lesi haivaliwi bila kitu ndani, kwa hiyo fundi hushonea bitana moja kwa moja, rangi ile ile ya lesi. Mkataze. Mwambie bitana iwe shimizi ya kujitegemea, yenye mikanda myembamba mabegani, na ikiwezekana ushone mbili: moja nyeusi, moja ya krimu. Lesi ya rangi ya dhahabu juu ya shimizi ya krimu ni nguo ya harusi ya mchana inayoelekea jioni. Lesi hiyo hiyo juu ya shimizi nyeusi ni nguo ya hafla ya usiku, maua yanajichora, na aliyekuona mwezi uliopita atadhani umenunua nyingine. Shimizi hizo zitatumika pia chini ya shifoni na chini ya kila blauzi nyepesi utakayoipata baadaye. Zishone kwa kitambaa chenye pamba kama unaweza. Bitana ya nailoni katika ukumbi wenye watu mia nne na feni sita inakuogesha jasho.

Mengine ni ya haraka lakini yasisahaulike. Kitenge cha pamba kilowekwe na kukaushwa kabla ya kukatwa, kwa sababu kitapungua, na ni heri kipungue kikiwa kitambaa. Velveti ikatwe manyoya yote yakielekea upande mmoja, la sivyo upande wa kulia utang'aa na wa kushoto utafifia. Satini isibandikwe pini mahali patakapoonekana, alama haitoki. Pembeni kote aache akiba ya inchi moja ndani, maana miili yetu haikai na namba moja mwaka mzima. Na urefu wa sketi upimwe ukiwa umevaa viatu utakavyovivaa siku hiyo.

Siku ya kwenda kujaribu, usisimame tu mbele ya kioo ukijigeuza. Kaa kwenye kigoda cha fundi, kwa sababu utakaa saa tano ukumbini. Inua mikono yote juu kama uliyebeba zawadi kichwani, kwa sababu hivyo ndivyo utakavyoingia, ukicheza kwenye mstari na ndoo au blanketi juu ya kichwa. Kisha piga magoti. Huku kwetu Usukumani mwanamke bado humpigia magoti mkwe na mzee, na kwenye sendofu keki na maji ya kunawa havitolewi kwa kusimama. Sketi isiyokuruhusu kupiga goti bila kushikwa mkono si nguo ya sherehe za hapa, hata kama inapendeza namna gani. Dawa yake ni mpasuo wa nyuma unaofika chini kidogo ya goti, wenye kipande cha kitambaa kilichokunjwa ndani ili usifunue miguu.

Nenda kujaribu wiki nzima kabla ya tarehe. Fundi mwenye sare arobaini za kamati moja atakuambia "njoo kesho" mpaka asubuhi ya harusi, na nguo inayochukuliwa asubuhi ya harusi hairekebishwi na mtu.

Vipande vinavyobeba vingine

Baada ya sare kuna vitu vichache unavyonunua kwa hiari yako, na hivi ndivyo vinavyostahili fedha nzuri, kwa kuwa ndivyo vitakavyovaliwa mara nyingi. Piga hesabu: tuseme gauni la shilingi 120,000 unalivaa mara moja, na sketi ya shilingi 60,000 unaivaa mara nane. Gauni limekugharimu shilingi 120,000 kwa usiku mmoja. Sketi imekugharimu 7,500.

Cha kwanza ni sketi ndefu ya rangi moja, kitambaa kizito kinachoanguka vizuri kama krepu, yenye bitana kamili. Nyeusi ndiyo rahisi zaidi kuoanisha, lakini fikiria familia yako. Zipo nyumba ambazo bibi bado anaihesabu nyeusi kuwa rangi ya msiba, na kumbishia mbele ya wageni hakuna faida. Damu ya mzee na kijani cha chupa zinafanya kazi ile ile, zinapokea dhahabu vizuri, na zinavumilia vumbi kuliko nyeusi, ambayo huonyesha kila chembe ya udongo wa njiani.

Cha pili ni gauni moja la rangi moja, lisilo na nakshi, mikono ya robo tatu, shingo ya wastani, linalofika kwenye kifundo cha mguu. Hili ndilo ukuta unaotundikia picha. Likiwa na mkufu mzito ni la harusi. Likiwa na koti ni la hafla ya kampuni. Likiwa na kilemba na mtandio wa rangi ya kamati, linakuokoa siku ulipolipia mchango ukashindwa kulipia sare. Watu wengi hutaka gauni hili liwe na angalau ua moja begani au mawe ya kumetameta kifuani. Usikubali. Ua hilo ndilo litakalokumbukwa.

Cha tatu ni koti. Na hapa ninapendelea blezi ya kitenge, iliyoshonwa na mtu anayejua kushona suti, yenye kitambaa kigumu ndani ya ukosi na mabegani. Kitenge chake kiwe na rangi mbili au tatu tu, mojawapo ikiwa ile ya sketi yako. Blezi hiyo juu ya gauni la rangi moja inakupeleka kwenye chakula cha usiku cha kampuni ya mgodi, ambako wageni wa serikali na mameneja hukaa meza za mbele na gauni la mgongo wazi hukufanya ujikunyate jioni nzima. Juu ya sketi ya sare iliyopita, inakupeleka kwenye mahafali ya mwanao.

Kwa mwanamke anayevaa hijabu hesabu ni nyepesi zaidi kuliko anavyodhani. Abaya nyeusi au ya kijivu iliyokatwa vizuri ndiyo gauni lake la msingi. Sare ya kamati anaishona kama koti refu lisilo na vifungo la kuvaliwa juu yake, na kitambaa kilichobaki kinakuwa mkanda au ukingo wa shungi. Walima ukiisha, koti hilo linavuliwa na abaya inabaki kama ilivyokuwa.

Rangi, taa na kamera

Kumbi zetu nyingi zina taa za rangi zinazobadilika: zambarau, bluu, kijani, tena zambarau. Chini ya taa hizo bluu iliyokolea inakuwa nyeusi, waridi hafifu linakuwa kijivu, na kahawia inapotea kabisa. Zinazosimama imara ni nyekundu, njano ya haradali, zumaridi, krimu na kitu chochote chenye kung'aa kidogo. Kama vazi lako ni la rangi iliyokolea, basi karibu na uso weka kitu cha mwanga: hereni, ukingo wa mtandio, kilemba. Mpiga video atakapokuja meza yenu na taa yake kali, uso utaonekana.

Taa hiyo hiyo ina ubaya wake. Shifoni nyeupe au ya krimu ambayo nyumbani ilionekana nzito, mbele ya taa ya video na ya kamera inakuwa wazi. Jaribu nyumbani: simama dirishani mchana, jua likiwa nyuma yako, mtu akupige picha. Utajua kama unahitaji shimizi ya pili. Nyeupe yenyewe, bila shaka, mwachie bibi harusi, na muulize mtu wa kamati rangi aliyoichagua yeye kwa sendofu kabla hujakata kitambaa, maana siku hiyo mara nyingi havai nyeupe na ni aibu kukutana naye mlangoni mmefanana.

Njia ya kufika ukumbini

Miongozo ya mavazi inayoandikwa kwingine hudhani msomaji anashuka kwenye gari mlangoni. Wewe huenda unatoka Ushirombo au Katoro kwa basi dogo, unabadilisha nguo kwa shangazi, kisha unapanda bajaji. Kiangazi barabara za mitaani ni vumbi, na la Geita ni jekundu lisilotoka kirahisi kwenye krimu. Mvua zikianza kati ya Oktoba na Novemba, Geita yenye vilima na iliyo karibu na ziwa hupata nyingi kuliko Shinyanga, na uwanja uliofungwa maturubai unageuka tope ndani ya nusu saa. Kwa hiyo pindo lisiburute ardhini. Liishie kwenye kifundo cha mguu, na kama unataka mkia, uwe kipande kinachofungwa kiunoni kwa vishikizo ukishaingia, na kuvuliwa muziki unapokolea.

Safiri na kanga mbili. Moja unajifunga juu ya nguo ukiwa kwenye bodaboda au bajaji, nyingine ya kutandika kwenye kiti, hasa kama umevaa lesi. Viti vya plastiki vilivyopasuka pembeni vimeng'oa nyuzi za lesi nyingi. Nguo yenyewe isafiri imeviringishwa ndani ya kanga, isikunjwe, na kuwekwa juu kabisa ya mzigo.

Na usidanganywe na joto la mchana. Juni na Julai, usiku wa Shinyanga una baridi kavu ya kutetemesha mabega, hasa chini ya turubai lililo wazi pande zote. Mtandio wa shifoni hautakusaidia. Beba shali ya sufu nyembamba au ile blezi, na uichague mapema iendane na vazi, ili saa sita ya usiku usijikute umejifunika jaketi la shemeji katika kila picha.

Dhahabu, na almasi moja ya Mwadui

Ingekuwa ajabu kuandika juu ya kupendeza Geita bila kutaja dhahabu, na watu wa hapa wanaizungumza kwa wepesi ambao wa Dar es Salaam hawana. Wepesi huo una hatari zake. Dhahabu ghafi ina njia yake ya kisheria: masoko ya madini yaliyoanza kufunguliwa mwaka 2019, la Geita likiwa miongoni mwa ya mwanzo. Kipande unachoonyeshwa kwenye karatasi na kijana nyuma ya saluni si mapambo, ni kesi. Ukitaka mkufu au hereni nenda kwa sonara mwenye duka, uliza karati, na udai risiti. Karati 24 ni dhahabu tupu na ni laini mno kwa pete ya kuvaliwa kila siku. Karati 18 ina robo tatu ya dhahabu na sehemu iliyobaki ni metali nyingine za kuipa ugumu.

Ila kwa usiku wa sherehe nakushauri dhahabu ya kweli iwe ndogo: hereni za kubana sikio na pete. Kishindo kiachie mapambo ya kuchovya, makubwa unavyotaka, kwa sababu mkufu wa kweli na safari ya bodaboda saa nane za usiku havipatani. Mapambo ya kuchovya huharibiwa na jasho na manukato. Jipulizie kwanza, ungoje pakauke, ndipo uyavae, na ukirudi uyafute kwa kitambaa kikavu kabla hujayafungia.

Mfano bora wa pambo moja kutumika na nguo nyingi unatoka hapa hapa Shinyanga. John Williamson, mwanajiolojia kutoka Kanada, alivumbua mwamba wa almasi Mwadui mwaka 1940. Mwaka 1947 mgodi huo ulitoa almasi ya waridi ya karati 54.5, naye akaitoa iwe zawadi ya harusi ya Elizabeth, binti wa mfalme wa Uingereza. Ilichongwa ikabaki karati 23.6, na mwaka 1953 Cartier wakaiweka katikati ya bruchi yenye umbo la ua. Malkia aliibandika begani kwa miongo mingi, juu ya makoti ya rangi mbalimbali, hata kwenye harusi za watoto wake. Mtu aliyeweza kuvaa jiwe tofauti kila siku ya mwaka alirudia lile lile, na hakuna aliyeandika kwamba amerudia. Bruchi ya kawaida ya dukani inakufanyia kazi hiyo hiyo: leo inashika mtandio begani, kesho inafunga mbele ya blezi, keshokutwa imo kwenye mkunjo wa kilemba.

Jioni tatu kwa vitu vile vile

Chukua sare ya lesi ya rangi ya dhahabu iliyokatwa vipande viwili, sketi ya kijani cha chupa, gauni la damu ya mzee, blezi ya kitenge, shimizi mbili, bruchi na vitambaa viwili vya kichwa.

Kwenye harusi yenyewe unavaa sare kamili na shimizi ya krimu, mkanda kiunoni, kilemba cha sare kama mashangazi wenzako wamekubaliana. Kanisani kabla ya ukumbi unafunika mabega kwa mtandio. Zipo parokia na makanisa ambako wazee wa mlangoni hawana mzaha na mikono mitupu, na huwezi kuwakatalia kwa sababu una kadi.

Miezi miwili baadaye ni sendofu ya binti wa jirani, ambako wewe ni mgeni wa kawaida. Blauzi ile ya lesi sasa iko juu ya shimizi nyeusi, imeingizwa ndani ya sketi ya kijani, bila kilemba, nywele zimefungwa nyuma, hereni ndefu. Mkanda wa sare umebaki nyumbani. Hata mke mwenza wa shangazi yako, ambaye hasahau kitu, atapata kazi kuunganisha.

Desemba ni chakula cha usiku cha kazini. Labda mchana ulikuwa mgodini na overoli, buti na kofia ngumu, na una saa moja tu ya kuoga na kubadili. Gauni la damu ya mzee halihitaji kupigwa pasi sana, blezi ya kitenge inatundikwa ofisini tangu asubuhi, bruchi iko mfukoni mwake. Alama ya kofia kwenye nywele haitoki kwa saa moja, kwa hiyo kilemba kifupi cha rangi ya gauni ndicho jibu, kimefungwa kwa nyuma na kuacha masikio wazi kwa hereni. Kucha zikiwa zimechubuka, zikate fupi na upake rangi isiyo na rangi; nyekundu kwenye kucha iliyovunjika inavuta macho pale usipopataka.

Kicheni pati sikuihesabu, kwa kuwa huko mara nyingi kitenge, dera au kanga ndiyo amri, na mtakaa chini kwenye mikeka. Vaa sketi pana, basi.

Kununua, kukodi, mtumba

Vitambaa vizuri vinapatikana Kahama, mji wa wafanyabiashara kwelikweli, na wengi huagiza Kariakoo vikaja kwa basi. Kwa mtu wa Geita, Mwanza imekuwa karibu zaidi tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025. Unaweza kwenda kugusa kitambaa kwa mkono na kurudi siku hiyo hiyo bila kungoja kivuko. Kukigusa ni muhimu. Krepu nzuri ukiifinya kiganjani kwa dakika moja na kuiachia hairudi imekunjamana.

Mtumba usiudharau kwa blezi, makoti na mashali. Tazama kwapani, kwenye zipu na ndani ya ukosi. Gauni la jioni la mtumba, hata hivyo, linunue kama tu fundi wako anaweza kulifumua, kwa sababu kiuno chake kilikatwa kwa mwili mrefu na mwembamba wa mtu mwingine.

Kukodi saluni kunafaa kwa msimamizi wa bibi harusi na kwa mtu anayehitaji gauni zito mara moja maishani. Lijaribu siku kadhaa kabla, lipige picha mbele na nyuma mbele ya mwenye saluni, na muandikiane kasoro zote zilizokuwepo, ili doa la mwenzako lisije likawa deni lako.

Viatu na pochi visikumalize. Kiatu kimoja cha rangi ya dhahabu iliyofifia au ya ngozi yako, kisigino kipana cha inchi tatu, kinakubaliana na kila nguo niliyoitaja. Mchuchumio mwembamba unazama kwenye udongo wa chini ya maturubai, na ukishazama unatoka peke yake, kisigino kikibaki. Pochi iwe na mnyororo wa kutundika begani, la sivyo utacheza na mkono mmoja. Ndani weka pini mbili za kufungia, sindano yenye uzi mweusi, leso na ndala za kukunja.

Asubuhi ya baada ya sherehe

Usiitundike nguo ya jasho kabatini. Igeuze ndani nje, iache kivulini penye upepo mpaka jioni. Jua la Shinyanga litaifubaza lesi kwa siku moja. Vumbi liondolewe kwa brashi laini kabla ya maji, kwa maana vumbi jekundu likilowa linakuwa rangi. Satini na lesi zipigwe pasi kwa ndani, kanga ikiwa katikati, na kama ni pasi ya mkaa, ipulizwe majivu nje kwanza, mbali na nguo. Dawa ya nondo iwekwe kwenye kona ya kabati, ndani ya kitambaa, isigusane na nguo, au harufu yake itakutangulia ukumbini.

Kisha yatoe magauni yale ya zamani ya kipande kimoja, yaliyovaliwa mara moja, na umpelekee fundi msimu wake ukiwa umelala, Januari au Februari, kabla ya Kwaresima kuisha na kamati kuamka. Ayakate kiunoni. Upande wa chini apandishe mkanda na zipu, uwe sketi. Upande wa juu, kama kitambaa cha mkia kinatosha, auongezee inchi nne za kuteremka. Hana kazi nyingi miezi hiyo, kwa hiyo atakupunguzia bei, na nguo utaipata siku uliyoambiwa.